Nyumba Moja, Ramani Nne: Upime Vipi Upatikanaji wa Chakula Bora Flint?

Nyumba moja ya kaskazini mwa Flint, Michigan, inaweza kuwa ndani ya jangwa la chakula, yaani eneo ambako duka la chakula bora liko mbali, kwenye ramani hii na nje yake kwenye ramani ile, siku hiyo hiyo, bila duka hata moja kufunguliwa wala kufungwa. Ukipima kwa maili moja, nyumba imesalimika. Ukipima kwa nusu maili, imo jangwani. Ukihesabu duka la dola, lile la bidhaa za bei ya chini, kuwa duka la chakula, jangwa linafutika. Ukiingia ndani ukakuta biskuti, soda na makopo tu, linarudi palepale.

Ulinganisho huu wa ramani nne, ya Wizara ya Kilimo, ya mji wa Baltimore, ya miguu na basi, na ya wakazi wenyewe, ni wa yeyote atakayetakiwa kuchagua kipimo: mwanafunzi wa mipango miji, mhudumu wa afya ya jamii, kikundi cha kanisa au cha msikiti kinachotaka kujua gari la mboga lisimame mtaa gani. Wengine kati yao ni wenzetu. Michigan imepokea familia nyingi za Kikongo zinazoongea Kiswahili nyumbani, hasa Lansing na Grand Rapids, na wapo wanaofanya kazi hizi za afya na mipango. Nimechukua Flint kwa sababu sijui mji mwingine ambako uchaguzi wa ramani uligusa miili ya watoto waziwazi namna ile.

Mji wenyewe

General Motors ilizaliwa Flint mwaka 1908. Mwaka 1978 kampuni hiyo ilikuwa na wafanyakazi wapatao 80,000 mjini humo na viunga vyake. Sensa ya 1960 ilihesabu wakazi 196,940. Ile ya 2020 ikakuta 81,252. Buick City, eneo kubwa la viwanda lililolisha kaskazini yote ya mji, lilifungwa mwaka 1999.

Watu wakiondoka, barabara hazifuatani nao. Flint ina mitaa iliyochorwa kwa ajili ya mji wa watu laki mbili, na sasa inakaliwa na chini ya nusu yao, nyumba hapa, viwanja vitupu pale. Supamaketi huishi kwa wingi wa wateja. Wateja wenye magari walipohamia vitongojini, maduka yaliwafuata, na karibu na mwaka 2015 upande wa kaskazini ulishuhudia maduka makubwa ya chakula yakifunga milango. Yaliyobaki ni vituo vya mafuta, maduka ya pombe yenye kona ya vyakula, na maduka ya dola. Mtu mwenye gari anaendesha dakika kumi na tano anarudi na mboga. Asiye na gari ndiye tunayemchorea ramani.

Kabla ya duka, mpaka

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili lisipoeleweka, ramani zote nne zitaharibika.

Tarehe 25 Aprili 2014, Flint ikiwa chini ya msimamizi wa dharura aliyeteuliwa na jimbo, mji uliacha kununua maji ya Detroit ukaanza kutumia maji ya Mto Flint. Maji yale hayakutiwa kemikali ya kuzuia kutu. Yakayala mabomba ya zamani, na madini ya risasi yakaingia katika vikombe vya watoto. Wazazi walilalamika kwa zaidi ya mwaka. Takwimu za jimbo kuhusu risasi katika damu ya watoto zilikuwepo, lakini zilipangwa kwa msimbo wa posta, na kwa mpangilio huo tatizo halikujitokeza.

Kisa chake ni hiki. Msimbo wa posta ni njia ya mpeleka barua. Haukuwekwa kumtambulisha mkazi wa mji. Karibu theluthi moja ya nyumba zenye msimbo wa posta wa Flint haziko ndani ya mji wa Flint. Ziko katika Flint Township na vitongoji vingine ambavyo maji yake yalitoka kwingine na yalikuwa salama. Watoto wa vitongojini walipochanganywa na watoto wa mjini, wastani ukashuka na ubaya ukamezwa humo.

Daktari wa watoto Mona Hanna-Attisha wa hospitali ya Hurley mjini Flint na mwanajiografia Richard Sadler wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan walifanya jambo ambalo mtu angeliona dogo: walimweka kila mtoto mahali pa anwani yake, kisha wakapima ndani ya mipaka ya mji tu. Watoto waliokuwa na mikrogramu 5 au zaidi za risasi kwa kila desilita ya damu walikuwa asilimia 2.4 kabla ya maji kubadilishwa. Baadaye wakawa asilimia 4.9. Katika mitaa ambayo maji yalikuwa na risasi nyingi zaidi, walitoka asilimia 4.0 wakafika 10.6. Matokeo ya mwanzo yalitangazwa Septemba 2015, na Oktoba mji ukarudi kwenye maji ya Detroit.

Watoto walikuwa wale wale, na damu ni ile ile. Mistari ya kugawia ndiyo iliyoamua nani aonekane.

Chakula kina mtego huo huo, na kina mwingine ulio kinyume chake. Ukipima risasi, unapaswa kukata kwenye mpaka wa mji. Ukipima maduka, ukikata kwenye mpaka wa mji umepotea, kwa kuwa mkazi wa ukingoni anavuka barabara moja akanunue mji jirani wa Burton au Flint Township bila kujua kama amevuka mpaka wowote. Kwa hiyo wakazi uwahesabu kwa anwani ndani ya mji, lakini maduka uyakusanye hadi maili kadhaa nje yake. Chombo chochote utakachochagua hapa chini, anzia hapo.

Ramani ya wizara, na ramani ya Baltimore

Hizi mbili ndizo watu hushindanisha zaidi, nami naziweka bega kwa bega.

Wizara ya Kilimo ya Marekani ina atlasi ya upatikanaji wa chakula, iko mtandaoni, bure, na inafunika nchi nzima. Ilianza mwaka 2011 kwa jina jingine, ikapanuliwa 2013. Inagawa nchi kwa maeneo ya sensa, yaani vipande ambavyo sensa hutumia kuhesabia watu. Eneo huitwa maskini kama kiwango cha umaskini ni asilimia 20 au zaidi, au kama kipato cha kati cha familia hakizidi asilimia 80 ya kile cha jimbo lake au cha jiji kubwa lililo ndani yake. Huitwa la mbali kama watu wasiopungua 500, au theluthi ya wakazi, wanaishi zaidi ya maili moja kutoka supamaketi, kwa mjini. Vijijini ni maili kumi. Unaweza kubadilisha ukaweka nusu maili. Kuna pia tabaka la magari, linaloonyesha maeneo ambako zaidi ya kaya 100 hazina gari na ziko zaidi ya nusu maili kutoka supamaketi. Kwa Flint, mimi ningefungua tabaka hilo kabla ya mengine yote.

Baltimore, mji wa chuma na bandari ambao nao ulipungua kutoka watu 949,708 mwaka 1950 hadi 585,708 mwaka 2020, ulikataa kutegemea kipimo hicho. Serikali ya mji na kituo kimoja cha Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walitengeneza chao. Kwenye ramani yao ya 2015, mtaa uliingia orodhani pale tu mambo manne yalipokutana: supamaketi iko zaidi ya robo maili, kipato cha kati cha kaya hakizidi asilimia 185 ya mstari wa umaskini wa taifa, zaidi ya asilimia 30 ya kaya hazina gari, na maduka yote ya mtaa, makubwa kwa madogo, yana wastani wa chini wa alama za chakula bora. Alama hizo huanzia 0 hadi 28.5, na hazitoki kwenye kompyuta. Mtu anaingia dukani na karatasi, anaangalia kama kuna maziwa yasiyo na mafuta mengi, mkate wa ngano nzima, matunda mabichi, mboga, nyama isiyo na mafuta, anaandika. Walikuta mkazi mmoja katika kila wanne anaishi katika maeneo hayo.

Tofauti kubwa kati ya hizi mbili iko katika swali la duka ni nini. Kwa wizara, duka la chakula ni supamaketi au duka kubwa linalouza bidhaa za dola milioni mbili au zaidi kwa mwaka. Kinachobaki hakionekani. Hilo linaidhulumu Flint kwa njia mbili zinazopingana. Duka dogo la familia linalouza nyanya, vitunguu na ndizi kila siku halipo kwenye ramani. Na supamaketi iliyochoka, yenye letesi iliyonyauka na nyama ya jana, inahesabiwa sawa na ile ya kitongojini inayong'aa. Baltimore inaziona zote mbili kwa sura zake.

Kwa muda na fedha, wizara inashinda bila mashindano. Atlasi unaifungua leo usiku, kesho una ukurasa wa kumpelekea mfadhili, na mfadhili ataielewa kwa kuwa ndicho kipimo anachokijua. Ukitaka kulinganisha Flint na Saginaw au Detroit, ndiyo njia pekee ya haki. Kipimo cha Baltimore kinataka watu waliofunzwa, miezi ya kutembea, na kurudia kila baada ya miaka michache, la sivyo kinazeeka. Lakini atlasi nayo huzeeka, tena kimyakimya. Matoleo yake yametumia takwimu za 2010, 2015 na 2019. Duka likifungwa katikati, kwenye ramani linaendelea kuuza.

Nusu maili ya atlasi pia hupimwa kwa mstari ulionyooka, kama anavyoruka kunguru. Flint imekatwa na mto, reli, na barabara kuu za I-69 na I-475. Nyumba na duka vinaweza kutazamana ng'ambo ya barabara kuu na bado mtu akazunguka mbali kutafuta daraja.

Baltimore waliongeza jambo moja ambalo nalipenda. Mwaka 2018, baada ya kuwasikiliza wakazi, waliacha neno jangwa wakaanza kuyaita maeneo ya kipaumbele cha chakula bora. Wakazi walikuwa na hoja. Jangwa hakuna aliyelitengeneza. Mitaa hii ilitengenezwa: katika miaka ya 1930 wakala wa serikali kuu wa mikopo ya nyumba alichora miji kwa rangi, akatia nyekundu mitaa ambako mkopo ulionekana hatari, na mara nyingi sana nyekundu hiyo iliangukia mitaa ya Weusi. Flint ilichorwa pia. Baadaye mitaa ya Weusi ya Floral Park na St. John ilibomolewa, barabara kuu zikapita. Ukiwa unaandika kwa Kiswahili, fikiria mara mbili kabla ya kuandika jangwa kwenye kichwa cha ramani ambayo wakazi wenyewe wataisoma. Mimi nimeanza makala hii nalo kwa sababu ndilo jina linalotumika, na silitumii tena.

Ramani ya miguu na basi

Hii inachukua maduka yale yale lakini inapima safari yenyewe. Badala ya maili, dakika. Barabara unazipata bila malipo OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, ratiba za mabasi unazipata kwa shirika la usafiri, na QGIS, programu ya kuchora ramani ambayo nayo ni ya bure, inafanya hesabu. Mtu mmoja anayejua kazi anaweza kuimaliza bila kuajiri jeshi la watafiti, kwa hiyo kwa gharama inakaa katikati ya wizara na Baltimore.

Uzuri wake unaonekana ukitazama soko la wakulima la Flint. Mwezi Juni 2014 soko lilihama kutoka jengo lake la zamani kando ya mto likaingia katikati ya mji, kwenye kilichokuwa kiwanda cha kuchapia gazeti, jirani na kituo kikuu cha mabasi. Kwa atlasi ya wizara, hakuna kilichotokea. Soko la wakulima si supamaketi. Kwa kipimo cha mstari ulionyooka, kuna watu walikaribia kidogo na wengine wakaachwa kidogo. Kwa ramani ya basi, mabadiliko ni makubwa, kwa kuwa njia za basi hukutana pale: mtu wa kaskazini aliyekuwa akibadilisha basi kisha akatembea sasa anashuka na kuingia sokoni. Mwaka uliofuata kliniki ya watoto ya Hurley ikahamia ghorofa ya juu ya soko hilo. Mtoto anatibiwa juu, daktari anamwandikia matunda na mboga kama anavyoandika dawa, mzazi anashuka ngazi na cheti chake na kununua. Katika mji wenye risasi kwenye damu hilo si pambo, kwa maana madini ya chuma, kalisi na vitamini C ndivyo lishe inayoshauriwa kupunguza kiasi cha risasi kinachofyonzwa na mwili wa mtoto.

Ila ramani ya dakika inataka uiambie saa na siku. Soko hilo hufunguliwa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Ukilichora bila siku, umewapa watu wa kaskazini mboga za Jumapili ambazo hazipo. Vivyo hivyo mabasi ya usiku na ya mwisho wa wiki. Na hakuna programu inayojua kwamba mwezi Januari njia ya waenda kwa miguu imefunikwa na theluji ambayo hakuna aliyeizoa, na kwamba mama amebeba mifuko miwili na mtoto mgongoni. Dakika kumi za kompyuta ni za kijana asiye na mzigo mwezi Juni. Mimi ningeweka kikomo kifupi kuliko kile kinachopendekezwa na programu, na ningeandika waziwazi kwamba nimefanya hivyo.

Ramani ya wakazi wenyewe

Kwetu hili si geni. Map Kibera ilianza Nairobi mwaka 2009 vijana walipochora mtaa ambao kwenye ramani rasmi ulikuwa karibu mtupu. Ramani Huria ikafuata Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi wa chuo na wakazi wakipita mitaro na vichochoro kwa ajili ya mafuriko. Ukilipeleka wazo hilo Flint, unawapa wakazi karatasi ya mji na kalamu na kuuliza: unanunua wapi, unafikaje, unakwepa wapi, na kwa nini.

Majibu hutibua ramani zote tatu zilizotangulia. Uchunguzi wa taifa wa Wizara ya Kilimo wa 2012 na 2013 ulikuta kwamba kaya ya wastani iko maili 2.1 kutoka supamaketi iliyo karibu zaidi, lakini duka inakonunua hasa liko maili 3.8. Watu hulipita la karibu. Hulipita kwa sababu ya bei, kwa sababu ya namna wanavyotazamwa wakiingia, kwa sababu binamu ana gari siku ya Jumamosi na anapenda kwenda pengine. Ramani inayopima umbali hadi duka la karibu zaidi inapima kitu ambacho wengi hawakitumii.

Kasoro zake ni nzito pia. Wanaokuja mkutanoni ni wenye nafasi ya kuja. Mama wa zamu ya usiku hayupo. Na karatasi inayoonyesha nani anaishi wapi na ananunua nini kwa kadi ya SNAP, ule msaada wa chakula wa serikali, si ya kuwekwa mtandaoni. Isitoshe, huwezi kuipeleka kwa baraza la mji ukasema asilimia fulani ya Flint inafanya hivi, wakati umeongea na watu arobaini.

Uchague ipi

Kama unaandika ombi la fedha na tarehe ya mwisho ni wiki ijayo, chukua ya wizara, fungua tabaka la magari, weka nusu maili, na taja mwaka wa takwimu. Haina aibu yoyote.

Kama uamuzi ni mahali pa kuweka kitu, gari la mboga, kituo cha kugawia chakula, soko, chukua ya miguu na basi. Usimruhusu mtu akuamulie mahali pa kuweka kitu kwa kutumia rangi za maeneo ya sensa. Eneo la sensa ni kubwa mno. Ndani yake kuna mtaa ulio jirani na kituo cha basi na mtaa usiofikiwa na basi lolote.

Kama mji unataka sera, mathalani kupunguza kodi kwa duka litakalofunguliwa mahali fulani au kudai maduka madogo yaweke vyakula freshi, basi ya Baltimore inastahili gharama yake, maana mwenye duka atakuuliza umejuaje kwamba rafu zake ni mbaya, na lazima uwe umeingia ndani.

Ya wakazi sioni kama inasimama peke yake. Lakini nyingine yoyote isiyopita mikononi mwao, mimi siiamini. Ningeiweka mwanzo, watu thelathini au arobaini, kabla ya kufungua kompyuta, ili wao waniambie ni maduka gani niyahesabu.

Kuna onyo moja la kumpa yeyote anayetaka ramani ili alete supamaketi. Utafiti mkubwa wa wachumi uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia manunuzi ya kaya za Marekani, uligundua kwamba supamaketi mpya ikifunguliwa jirani, vyakula vinavyonunuliwa hubadilika kidogo sana, na kwamba tofauti ya upatikanaji inaeleza karibu asilimia 10 tu ya pengo la lishe kati ya maskini na matajiri. Mimi sisomi hapo kwamba umbali hauna maana. Nasoma kwamba mama asiye na gari hununua kwingine kwa taabu, kwa lifti na kwa nauli, na duka likija anapumzika kuliko anavyobadili mlo. Pumziko hilo ni haki yake. Ila kama lengo ni kilicho sahanini, ramani inahitaji tabaka la bei: duka gani linapokea kadi ya SNAP, na lipi liko kwenye mpango wa Double Up Food Bucks, ulioanza Detroit mwaka 2009, ambapo fedha za SNAP zinazotumika kununua matunda na mboga huongezewa kiasi sawa. Orodha ya maduka yanayopokea SNAP inapatikana bure. Vituo vya mafuta vimo, maduka ya dola yamo. Ichapishe, ongeza yaliyo nje ya mpaka wa mji, mpe kila mtu wa kikundi barabara yake, mmoja Pierson Road, mwingine Clio Road, waingie kila duka waulize bei ya galoni ya maziwa na waangalie kama kuna kitunguu.